Uzi wa Kijani wa Laini ya Tisa

Mjini Choloma, Honduras, mshonaji akishafika miaka thelathini na tano anahesabiwa mzee. Viwanda vya nguo vimejipanga pande zote mbili za barabara iendayo bandarini, vyote vinashona nguo za Wamarekani, na vyote vinataka wasichana. Doña Eneida Pavón alikuwa na arobaini na mitatu. Alikuwa kiongozi wa laini ya tisa, yaani safu ya tisa ya mashine, miaka kumi na minne katika kiwanda kimoja bila barua ya onyo hata moja, na alijua kama anavyojua jina lake kwamba akitoka pale hakuna atakayempokea. Akifukuzwa kwa kosa ndiyo kabisa: kiinua mgongo cha miaka yote ile kinapotea, hapati hata lempira ya kununulia tortilla. Kwa hiyo kazi ile aliishika kwa meno, na yeyote aliyeisogelea alimng'ata.

Msianze kumhurumia, ngojeni kwanza. Laini ya tisa ilikuwa na wanawake kumi na wawili. Mmoja anashona kola, mwingine mikono, mwingine pindo, na hakuna aliyelipwa kwa alichoshona yeye. Walilipwa kwa mashati yaliyotoka mwisho wa laini yakiwa kamili. Lengo la siku likifikiwa, wote wanapata bonasi. Likikosekana kwa mashati kumi tu, wote wanakosa. Mpango mtamu huo kwa tajiri, maana mzembe hapigiwi kelele na bosi, anapigiwa na wenzake. Na wa kwanza kupiga kelele alikuwa Eneida. Alikuwa na saa mkononi na ulimi wa kiwembe. Aliyeugua aliitwa mdekezi. Aliyefiwa na kuomba ruhusa ya kwenda kuzika aliulizwa kama marehemu atakuja kumshonea mikono yake. Hata choo kilikuwa chini yake, kwani kila laini ilikuwa na kadi moja tu ya kuendea choo, na kadi ya laini ya tisa aliivaa Eneida shingoni. Ukitaka kwenda, unamwomba.

Ondina Lagos alikuwa mshona kola wa laini ile. Miaka kumi na mmoja kazini, mshono wake safi, ila sukari ilikuwa imemwanza na akawa mtu wa kwenda haja kila mara. Eneida alipiga hesabu ya dakika akaona hasara tupu. Siku moja ya mwezi wa tatu, joto limepanda mpaka vyuma vya mashine vinachoma vidole, Ondina aliomba kadi mara tatu, na mara zote aliambiwa amalize kwanza fungu lililo mbele yake. Hakuomba mara ya nne. Mkojo ulishaanza kutiririka chini ya kiti mpaka kwenye pedali ya jirani. Eneida alisimama, akatazama, akasema kwa sauti iliyosikika laini ya kwanza hadi ya kumi na tano:

"Mleteeni doña Ondina nepi. Na kubwa, zile za watoto hazimtoshi."

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa woga, lakini walicheka. Kesho yake Ondina hakuja, na kola akapewa msichana mpya. Aliyeacha kazi mwenyewe hadai kiinua mgongo, basi kampuni nayo ikanyamaza kimya, ikashukuru kimoyomoyo. Aliyebaki ni binti yake, Yolibeth, mshona mikono katika laini ile ile, mashine ya tatu kutoka kwa Eneida. Nyumbani walikuwa wanategemea mshahara wake sasa, akainamisha kichwa akashona. Eneida akachukulia kwamba yamekwisha, na kusema kweli baada ya wiki mbili hakuyafikiria tena.

Sasa kuhusu uzi. Shati likishonwa Honduras, kwa kitambaa na uzi vilivyosokotwa huku Amerika ya Kati au Marekani kwenyewe, linaingia Marekani bila kutozwa ushuru. Lakini uzi ukitoka Uchina, hata ule wa kushonea tu, ule wa kuzungushia kola na kukunjia pindo, shati zima linahesabiwa kama mgeni asiye na karatasi, na kwa mashati kama yale ya michezo ushuru wake unakaribia theluthi ya bei. Haya kila mfanyakazi alihubiriwa siku ya kwanza kazini, katikati ya somo la kuzima moto na somo la kuvaa kofia ya nywele, na kila mwaka alirudiwa. Eneida aliyasikia mara kumi na nne. Mara zote alielewa kwamba yanahusu kitambaa. Uzi kwake ulikuwa uzi, kitu cha kufunga nguo isifumuke, na nani duniani angejisumbua kuuliza uzi umezaliwa wapi.

Mwezi wa tano walipewa oda ya mashati ya kukimbilia, ya kijani kibichi, mashati elfu tisa. Kontena lilikuwa liondoke Ijumaa saa sita mchana kwenda Puerto Cortés kuwahi meli. Alhamisi saa nne asubuhi uzi wa kijani ukaisha stoo. Uliobaki ulikuwa kwenye lori linalotoka San Pedro Sula, na lori lilikuwa limekwama, kwa sababu walimu waliodai mishahara yao walikuwa wameziba barabara kwa matairi yanayowaka. Yalikuwa yamebaki mashati mia nane.

Meneja wa uzalishaji, mhandisi Inestroza ambaye wote walimwita inge, alikuja laini ya tisa shati limemganda mgongoni. Alikuwa mtu wa kuita kila mwanamke malkia akiwa na shida naye na kutomtambua shida ikiisha.

"Tatua, reina," alimwambia Eneida. "Kontena lisiondoke pungufu. Na usinieleze umetatuaje."

Eneida alitatua. Aliwachangisha wenzake kumi na mmoja, Yolibeth akiwemo, akawaambia atakayebana hela yake ajue bonasi ya wote imekufa mkononi mwake. Saa ya chakula alichukua mototaksi mpaka sokoni. Alijua pa kwenda. Choloma nzima ilijua kwamba mwenye nyuzi za kila rangi, zipu, vifungo na lastiki, sasa ni Ondina Lagos, aliyekuwa amekodi kibanda kati ya muuza vitunguu na fundi viatu.

Mwingine angeona haya. Eneida hakuona. Alifika akasimama mbele ya kibanda kama anayekagua mashine, akachomoa kipande cha kitambaa cha kijani kwenye sidiria, akakipitisha kwenye rafu mpaka kikakubaliana na koni moja kubwa ya uzi yenye kiini cheupe. Akauliza ziko ngapi. Ondina akasema arobaini. Hakuwa amekonda wala kunenepa, alikuwa vilevile, miwani juu ya nywele.

"Za kiwandani?" Ondina aliuliza.

"Za nini hayakuhusu. Funga."

Ondina alizifunga koni zote arobaini kwenye mifuko miwili, taratibu, akahesabu chenji akaiweka mezani. Eneida aliokota chenji akamuuliza kwa mzaha kama siku hizi kibandani kuna choo karibu. Fundi viatu alicheka. Ondina naye alitabasamu kidogo, akamtakia alasiri njema.

Kontena liliondoka Ijumaa saa sita kasorobo, limejaa. Inestroza alimpigia Eneida makofi mbele ya laini zote, na laini ya tisa ikapata bonasi, na wanawake wakanunua tajadas, ndizi za kukaanga, na nyama ya nguruwe wakala wamesimama nje ya geti wakiwa na furaha ya kweli. Zilibaki koni tano. Mtu mwenye akili angezitupa. Eneida alikuwa mwanamke aliyelelewa na umaskini, hatupi kitu kizima. Alizisukuma chini kabisa ya droo yake, za kurekebishia mashati yenye kasoro.

Mwezi wa nane wakaja watu wa forodha wa Marekani. Hawa huja bila hodi. Walikuwa wawili: mwanamke wa Puerto Rico aliyeitwa bibi Rentas, mfupi, mpole, aliyesema Kihispania cha kumeza herufi, na mwanamume mrefu aliyekuwa akipiga picha tu. Waliomba daftari la stoo. Waliomba daftari la oda. Bibi Rentas aliketi na kikokotoo chake kutwa nzima, akanywa glasi mbili za maji ya ukwaju, kisha akauliza swali moja: imekuwaje mashati ya kijani elfu tisa yameshonwa kwa uzi wa mashati elfu nane na mia mbili?

Kisha wakaanza kufungua droo.

Koni za stoo zina kiini cha bluu, zote, tangu enzi na enzi. Tano walizozitoa kwenye droo ya Eneida zilikuwa na kiini cheupe, hazina lebo wala alama. Mwanamume mrefu alizipanga mezani akazipiga picha moja moja. Eneida aliitwa ofisini. Alikwenda mgongo umenyooka, kwani alijua hajaiba, ameokoa. Akaeleza vyote, barabara iliyofungwa, mchango, soko, na mwisho akasema kwamba inge Inestroza mwenyewe ndiye aliyemwagiza. Inestroza alikuwa amekaa pale pale. Hakunyanyua hata macho.

"Nilimwambia atatue," alisema. "Sikumwambia avunje utaratibu. Huyu amefundishwa mara kumi na nne, karatasi zake za mafunzo hizi hapa, kasaini zote."

Na kweli zilikuwa pale, kumi na nne, zenye saini yake iliyonona. Eneida alizipekua moja moja akitafuta isiyo yake, hakuiona.

Wale wageni walipotoka, aliyebaki naye alikuwa licenciada Munguía, mwanasheria wa usafirishaji, msichana wa miaka thelathini mwenye kucha nzuri. Huyu hakumtukana wala hakumfariji. Alimweleza mambo kama anayesoma bei. Koni zile hazina lebo, kwa hiyo hadi sasa hakuna anayejua uzi ulitoka wapi. Kuna kinu cha nyuzi El Salvador kinachotoa kijani kama kile kile, na El Salvador ni nyumbani, ushuru hauko. Muuzaji akisaini kwamba uzi ule ulitoka huko, mashati yako salama, mnunuzi yuko salama, na Eneida yuko salama. Asiposaini, mnunuzi atatozwa ushuru, ataigeuzia kampuni mzigo huo, na kampuni italazimika kuonyesha kwamba kosa ni la mtu mmoja aliyejiamulia mwenyewe. Mtu huyo ataondoka bila hata senti. Na jina lake litapita kwa maofisa ajira wa viwanda vyote, kama kawaida yao.

"Lakini mimi sijui umetoka wapi," Eneida alisema.

"Wala mimi," licenciada alijibu, akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa, imebaki nafasi ya saini. "Una mpaka Jumatatu."

Yale maneno yalimkosesha usingizi na hamu ya kula. Alipika wali na maharage akamwagia kuku. Lakini asubuhi ya Jumamosi, akichana nywele, alifikia jambo lililomtuliza kabisa: Yolibeth. Laini ya tisa ikifa, Yolibeth anakufa nayo. Mama gani atamchongea adui yake huku mkate wa mwanawe uko sahani moja na wa adui? Alilizungusha wazo hilo kichwani njia nzima, akaliona halina tundu. Akapaka na rangi ya mdomo.

Ondina alimpokea vizuri kupita kiasi. Alimvutia kigoda, akamtilia kahawa, akamwekea biskuti za rosquillas kwenye kisahani. Eneida alikuwa amejiandaa kwa matusi. Ukarimu ule ulimlegeza ulimi. Alieleza shida yake kwa kirefu, akaileta habari ya Yolibeth polepole, akasema watoto wetu ndio tunaowahangaikia, sisi tumeshazeeka. Halafu, kwa kuwa aliona lazima aseme kitu, akasema:

"Na yale ya mwezi wa tatu, mwenzangu, unajua pale tunataniana. Sikuwa na nia mbaya."

"Najua," Ondina alisema. "Kunywa, itapoa."

Aliichukua karatasi akaiweka juu ya boksi la vifungo. Eneida alimkumbusha miwani, iko pale juu ya kichwa chake. Ondina akasema haina haja, kama mwenzake ameshaisoma inatosha. Akasaini jina lake lote, Ondina Isabel Lagos Fúnez, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma shule ya masista, akaipuliza wino ukauke, akamrudishia. Hakuomba kitu. Eneida alitoka pale akiwa mwepesi kabisa. Njiani alijinunulia mafuta ya nywele, na alimcheka Ondina moyoni, maana alimwona ni mtu asiye na uti wa mgongo, wa jana na leo ni yule yule.

Jumatatu licenciada aliipokea karatasi akaiskani. Inestroza alipita laini ya tisa akamwita Eneida reina. Siku ile laini ilivuka lengo kwa mashati arobaini. Yolibeth alishona bila kunyanyua kichwa, na alipoomba kadi ya choo alipewa mara moja.

Jumatano bibi Rentas na mwenzake wakarudi. Walishukuru kwa karatasi. Wakasema sasa wangependa kumwona muuzaji mwenyewe, si kwa ubaya, ndivyo kazi yao ilivyo. Licenciada Munguía alimtazama Eneida, na Eneida akamwitikia kwa kichwa: hakuna tabu. Walikwenda kwa gari moja lenye kiyoyozi, yeye ameketi nyuma na licenciada, na alikuwa mchangamfu hata akamwonyesha bibi Rentas kanisa alikobatizwa.

Kibandani Ondina alikuwa anampimia mtu lastiki. Alimaliza, akavua miwani kichwani, akaivaa. Bibi Rentas alijitambulisha, akamwonyesha karatasi, akamuuliza kama saini ni yake. Ondina akasema ni yake. Akaulizwa kama yaliyoandikwa ni kweli.

"Sijui, sikuyasoma," alisema. "Nilikuwa sijavaa miwani. Nisomee wewe, binti yangu."

Bibi Rentas akamsomea kwa sauti, kinu cha El Salvador, uzi wa kijani, koni arobaini. Ondina alisikiliza hadi mwisho. Halafu aliinama chini ya meza akavuta boksi kubwa la karatasi ngumu, akamwaga vifungo vilivyokuwamo kwenye beseni, akaligeuza. Pembeni palikuwa na maandishi ya Kichina, na chini yake, kwa herufi za kawaida, jina la nchi, rangi na namba ya kontena. Akatoa na risiti ya jumla aliyonunulia San Pedro, imekunjwa ndani ya Biblia, tarehe inasomeka. Yule mwanamume mrefu akaanza kupiga picha.

"Uzi wangu wote wa koni za kiini cheupe ni wa Uchina," Ondina alisema. "Wa El Salvador ni ghali, siuwezi. Doña Eneida aliniletea karatasi imeshachapwa akaniambia nisaini. Huyu alikuwa mkubwa wangu kazini miaka mingi. Akiniambia kitu nimezoea kutii."

Eneida alisema mwongo huyu, mwongo mkubwa huyu, mara tatu au nne. Lakini neno lipi hasa ni uongo hakuweza kuonyesha, kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa uongo. Bibi Rentas aliandika kila kitu kwa utulivu. Kisha alimgeukia licenciada, akamwambia kwa ule upole wake kwamba uzi mbaya ni kosa la mashati elfu tisa, lakini karatasi ya uongo ni kitu kingine. Kuanzia leo hataamini karatasi yoyote ya kiwanda kile. Mashati yote yaliyosafirishwa mwaka huu yatatozwa ushuru kamili mpaka kampuni ithibitishe uzi wa kila moja, koni kwa koni.

Licenciada alipiga simu pale pale. Alizungumza na mtu, labda Inestroza, labda mkubwa kuliko Inestroza, akisikiliza zaidi ya kusema. Alipokata, hakumtazama Eneida. Alizungumza na bega lake. Karatasi ile kampuni haikuijua, alisema. Laini ya tisa inafungwa leo, wote kumi na wawili, wengine watalipwa haki zao kidogo walizonazo. Yeye Eneida hatalipwa, na asirudi kiwandani, mfuko wake utaachwa kwa mlinzi. Wakaingia garini. Eneida alishika kitasa cha mlango wa nyuma, lakini gari lilikuwa limeshaanza kwenda, akaliachia kabla halijamkokota.

Alirudi kwenye kibanda. Fundi viatu alikuwa ameacha nyundo, muuza vitunguu amesimama juu ya kreti lake aone vizuri. Sauti ya Eneida ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Siku ile ulijua," alisema. "Ulijua ni wa kiwandani na ulijua hautakiwi."

"Nilikaa kiwandani miaka kumi na mmoja. Nilifundishwa kama wewe, ila mimi nilisikiliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza kama ni za kiwandani. Ukasema hayanihusu."

Hapo Eneida alitafuta kitu cha kumpiga nacho na akakipata, silaha ya mwisho, ile aliyokuja nayo Jumamosi akidhani ni ngao. Alimkaribia mpaka akaisikia harufu ya kahawa kinywani mwake.

"Umemfukuzisha mwanao," alisema. "Unasikia? Yolibeth naye yuko barabarani sasa hivi, kwa mikono ya mama yake. Umejikata mwenyewe, mpumbavu wewe."

Ondina aliokota vifungo viwili vilivyoanguka, akavitupia kwenye beseni.

"Yolibeth ana miaka ishirini na miwili," alisema. "Jumatatu atasimama geti la kiwanda cha ng'ambo ya barabara, na saa mbili atakuwa ameshakaa kwenye mashine. Nilimwambia tangu mwezi wa tano ajiandae. Wewe una mingapi, doña Eneida?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayemuuliza mteja saizi ya zipu, na akangoja jibu. Akina mama wa vibanda vya jirani nao wakangoja. Eneida alifungua mdomo amtukane, na tusi alikuwa nalo, lakini halikutoka. Kilichotoka ni ile namba, arobaini na mitatu. Aliitaja pale, mbele ya watu, na muuza vitunguu akaangua kicheko. Eneida aligeuka aone ni nani anayecheka, na hapo wakaanza na wengine.